Majivu, machungwa, magamba: kwa nini faundesheni tatu zimekukataa

Swali: Nipo Isevya, Tabora, nina miaka 26. Sendofu yangu itafanyika hapahapa katikati ya Septemba, ndoa itakuwa Ujiji katikati ya Novemba. Nimeshanunua faundesheni tatu. Ya kwanza, kwenye picha uso unakuwa wa majivu. Ya pili naipaka inakubali, baada ya saa moja nimekuwa rangi ya chungwa. Ya tatu, ambayo ndiyo ya bei kubwa, inachambuka kama magamba pembeni mwa pua na mashavuni. Paji la uso na pua vinatoa mafuta ikifika saa sita mchana, lakini mashavu yanakaza. Dukani waliniambia ngozi yangu ni ya mafuta. Ninunue ipi? Bibi harusi mtarajiwa.

Jibu:

Hongera, mdogo wangu, na kwanza usinunue ya nne. Hizo tatu zimekuangusha kwa sababu tatu tofauti, na kila moja imekueleza jambo kuhusu uso wako ambalo muuzaji asingeweza kulijua. Yeye anakuonyesha dakika mbili za mwanzo. Wewe unahitaji kujua itakuwaje saa ya nne, ikishachanganyika na mafuta yako, jasho lako na hewa ya mahali utakapokuwa umekaa.

Tuanze na majivu. Rangi ya faundesheni karibu zote hutoka kwenye unga wa aina nne: oksidi za chuma tatu, yaani nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na titani dioksidi, ambayo ni nyeupe pe. Hiyo nyeupe ndiyo inayofunika madoa. Sasa, kiwanda kivivu kikitaka rangi ya mtu mweusi huchukua mchanganyiko wa mtu mweupe na kuuongezea nyeusi. Nyeupe na nyeusi zikikutana huzaa kijivu, hata mtoto wa chekechea anayechezea rangi anajua. Ngozi ya maji ya kunde au nyeusi ina wekundu na umanjano mwingi chini yake, na bila hivyo viwili uso unaonekana umepakwa jivu la jikoni. Tatizo hili ni la zamani. Iman, mwanamitindo Msomali, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa ajili ya ngozi ambazo viwanda vingi vilikuwa vinaziruka, na hata Fenty Beauty, vipodozi vya mwanamuziki Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, watu walishangaa, jambo ambalo lenyewe linaonyesha hali ilivyokuwa.

Lakini umesema majivu yanatokea kwenye picha. Kama kwenye kioo unajiona sawa, basi huenda rangi haina kosa na mkosaji ni mwanga wa kamera. Titani dioksidi na zinki oksidi hurudisha mwanga wa flashi, na poda nyeupe laini zinazouzwa kwa jina la poda isiyo na rangi huwa na silika, nayo hufanya hivyohivyo. Faundesheni yenye kinga kubwa ya jua ikifunikwa na poda hiyo hukupa uso mweupe juu ya shingo nyeusi kwenye kila picha ya usiku. Ni rahisi kuhakikisha. Jipake kila kitu kama siku yenyewe, ingia chumba chenye giza, piga picha na simu kwa flashi. Kisha futa, rudia bila poda. Picha ya pili ikiwa safi, tupa poda, chupa haina hatia. Poda ya sherehe iwe ya rangi yako mwenyewe.

Rangi ya chungwa ni habari nyingine. Faundesheni ikiwa mbichi ina maji na silikoni nyepesi zinazopeperuka. Zikishaondoka, rangi inabaki imekolea. Baada ya hapo mafuta ya ngozi yanaingia katikati ya chembe za rangi na kuzilowesha, kama udongo mkavu unavyobadilika ukimwagiwa maji: ni udongo uleule, ila unaonekana mweusi zaidi na mwekundu zaidi. Hilo huanza mapema, na baada ya saa moja mara nyingi unaliona. Nakuuliza swali ambalo hukulitaja: ulipaka nini chini? Kama ulijipaka mafuta ya mgando, ya nazi au mawese kidogo "ili uso ulainike", umeipa faundesheni mafuta ya kunywa hata kabla uso wako haujaanza kutoa yake. Itageuka na itateleza. Mafuta ya mgando ni kitu kizuri sana kwa mashavu yanayokaza, usiku, ukienda kulala. Chini ya mekapu hayana nafasi.

Tukija kwenye magamba, dukani walikudanganya, au tuseme waliangalia paji la uso wako tu. Uso unaong'aa katikati na kukaza mashavuni ni ngozi mchanganyiko, na kwa Tabora ya Juni hadi Oktoba mara nyingi ni ngozi mchanganyiko iliyokosa maji. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti kwenye ngozi. Unaweza kuwa na mafuta tele na maji hakuna. Ukauzwa faundesheni ya ngozi ya mafuta, ile isiyong'aa na inayokaa siku nzima, ambayo ndani yake ina udongo mweupe au silika ya kunyonya. Puani ikafanya kazi yake. Mashavuni ikakuta hakuna mafuta ya kunyonya, ikashika kila kigamba kilichokuwa kimeinuka.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kuniamini. Jioni ukiwa nyumbani, nawa uso kwa sabuni laini ya uso. Usitumie sabuni ya mche: ngozi ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH ni karibu 5, sabuni ya kufulia hufika 9 au 10, na baada yake kila mtu hujiona ana ngozi kavu. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, usipake kitu, kaa dakika 60. Halafu chukua tishu, ikate vipande vinne, bonyeza kimoja kwenye paji la uso, kimoja puani, kimoja kidevuni, kimoja shavuni, kila kimoja kwa sekunde 10, na uvitazame kwenye mwanga. Vipande vyote vikiwa na mafuta, una ngozi ya mafuta. Vyote vikavu na uso unavuta, ni kavu. Paji, pua na kidevu vikiwa na mafuta na shavu halina, ni mchanganyiko. Sasa tabasamu kwa nguvu mbele ya kioo: ukiona mikunjo midogomidogo kama karatasi mashavuni ambayo haikuwapo zamani, maji yamepungua. Rudia wiki ya pili, kwa sababu siku moja ya jua kali au siku za hedhi hubadilisha jibu.

Kuna jambo bibi harusi wengi wa huko kwenu hawalitazami: sendofu yako na ndoa yako zitafanyika kwenye hewa mbili. Tabora iko juu, karibu mita 1,200, na katikati ya Septemba ni ukame, upepo, vumbi na joto linalopanda. Jasho hukauka kabla hujaliona. Ujiji iko ufukweni mwa Tanganyika, chini ya mita 800, na Novemba mvua zimeshaanza. Jasho hapo halikauki, linakaa juu ya ngozi na kusukuma mekapu. Kwa hiyo faundesheni uliyoijaribu Septemba ikakubali usiichukulie kuwa imeshakubali Novemba. Fika Ujiji siku mbili au tatu kabla, jipake siku moja bila shughuli yoyote, uone. Ni safari ya reli ya karibu kilomita 400 hadi Kigoma. Hata usipofika na uchovu, ngozi itafika nao.

Kwa sendofu tafuta faundesheni ya majimaji, ya mng'ao wa wastani, inayofunika wastani. Ile inayong'aa kama umelowa, ambayo mitandaoni inapendwa sana, kwa Tabora ya kiangazi naikataa kabisa: inabaki na unato, na vumbi la barabarani litakaa shavuni kama lilivyokaa kwenye majani ya miembe. Kwa Ujiji chukua nyembamba zaidi inayokauka vizuri, na utegemee tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito. Tabaka zito likipata jasho hupasuka lote pamoja. Jepesi hufifia taratibu, na kulirekebisha ni kazi ya dakika.

Nyuma ya chupa soma viungo vitano vya mwanzo, maana vimepangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta majina yanayoishia na -cone au -siloxane mwanzoni, ni ya silikoni: inateleza vizuri, inajaza vitundu, inavumilia jasho. Ukikuta maji kisha gliserini bila majina hayo, ni ya maji: nyepesi, nzuri kwa mashavu yako, dhaifu kwa unyevunyevu. Neno "alcohol denat.", yaani spiriti inayokausha, likiwa kwenye hivyo vitano, mashavu yako hayatalipenda. Praima, yaani krimu inayopakwa chini ya faundesheni, na faundesheni yenyewe zisipokuwa za asili moja hukataana, na hiyo nayo inaleta vitu kama mabaki ya kifutio vinavyojiviringisha usoni, watu wakadhani ni uchafu. Weka tone la kila moja kwenye kisahani, changanya kwa kidole. Zikijitenga kama maziwa yaliyoganda, usizipeleke usoni.

Kwa wasomaji wengine walio na nyuso tofauti na yako: ngozi kavu tupu inataka faundesheni ya krimu au ya majimaji yenye gliserini na iache poda. Ya mafuta kote inataka isiyong'aa, ya silikoni, tabaka jembamba. Yenye chunusi inataka chupa iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu, na chunusi zikiwa kwenye paji tu, tuhumuni mafuta ya nywele kabla ya kuituhumu faundesheni.

Sasa rangi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usijaribu mgongoni mwa kiganja; mkono umechomwa na jua kuliko shingo na haufanani na uso. Usijaribu chini ya taa nyeupe ya dukani. Na mwongozo wa kuangalia rangi ya mishipa ya mkono, ule wa kijani na bluu, uache kwa watu weupe. Kwa ngozi zetu mishipa mara nyingi haionekani vya kutosha kusema lolote. Nawa, kisha chora mistari mitatu kwenye taya, kuanzia shavuni kushuka hadi shingoni, kila mstari rangi moja: unayodhani ni yako, moja iliyokolea zaidi, moja yenye umanjano au wekundu tofauti. Kaa saa moja. Toka nje asubuhi au saa kumi jioni, simama kwenye kivuli cha ukuta. Usisimame chini ya mwembe, na najua Tabora miembe haikwepeki: mwanga unaopita kwenye majani una ukijani, utakudanganya. Mstari unaopotea shingoni ndio wako. Ukiona miwili inapotea, chukua yenye umanjano zaidi kama ngozi yako ni ya maji ya kunde, na yenye wekundu zaidi kama ni nyeusi iliyokolea. Halafu hakiki kwenye picha.

Herufi zilizo pembeni ya namba husaidia kiasi. Kwa kampuni nyingi W ni joto, yaani njano au dhahabu, C ni baridi, yaani wekundu au ubluu, N ni katikati. Ila MAC wamegeuza: kwao NC ni ya wenye umanjano na NW ni ya wenye wekundu. Ndiyo maana kuambiwa na rafiki "chukua W" bila kutaja kampuni hakutoshi.

Maduka mengi hayana chupa ya kujaribia, na si vizuri kufungua chupa za mwenzako. Njia nafuu ni kumlipa mpambaji wa maharusi jaribio moja. Yeye ana kisanduku cha rangi nyingi, atakupata, nawe andika jina na namba ndipo ukanunue. Nenda na vijiti vyako vya pamba na sponji yako. Sponji iliyozunguka nyuso kumi Jumamosi inabeba vijidudu vya chunusi, fangasi na magonjwa ya macho, na dawa ya hilo siyo mazungumzo ya upole. Ni kubeba yako.

Uso wako pia hautakuwa rangi moja. Wengi wetu paji na pembe za uso ni nyeusi kuliko katikati ya mashavu, na kuzunguka mdomo kuna kivuli. Ukipaka rangi moja ya mashavu kila mahali, uso unakuwa bapa kama sahani. Rangi ya shingo ipake katikati, na pembeni ya paji na taya weka iliyokolea hatua moja au mbili. Kama bajeti ni ya chupa moja, chukua ya shingo na usiifikishe kwenye mstari wa nywele.

Naomba nilisemee na lile ambalo huenda shangazi wameshaanza kulipendekeza. Usijichubue kwa ajili ya harusi. Mkorogo wa miezi miwili hukuacha na uso mweupe, shingo yake, mikono yake, na hakuna faundesheni inayooana na watu watatu. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi, dawa inayotiwa kwenye mikorogo mingi, huwaka ikipata jasho, na hapo magamba uliyonayo sasa utayakumbuka kwa hamu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kopo lisilo na orodha ya viungo wala tarehe liache dukani. Kama tayari unatumia krimu ya aina hiyo, usijiamulie mwenyewe. Nenda ukaonane na daktari katika hospitali ya Kitete kwanza. Singo na liwa ni halali yako, hasa mwilini. Usoni komesha singo siku tatu kabla, maana karafuu na kusugua huacha wekundu na vijeraha visivyoonekana mpaka mekapu ivichome.

Faundesheni yoyote mpya, paka kidogo nyuma ya sikio jioni tatu mfululizo. Kuwasha au vipele vikitokea, umeokoa harusi.

Kupaka kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Wiki tatu kabla ya sendofu anza kupaka losheni ya uso asubuhi na usiku ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji, na mafuta ya mgando membamba mashavuni usiku. Siku yenyewe: nawa, losheni kiasi cha harage moja, subiri dakika 5. Mchana wa jua ongeza losheni ya kukinga jua, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, subiri dakika 15. Usitegemee SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, iliyoandikwa kwenye faundesheni, kwa sababu hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na ukipaka kiasi hicho utafanana na ukuta uliopigwa lipu. Kisha bonyeza pampu mara moja, anzia katikati ya uso, gongagonga kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, usiburute. Subiri dakika 3, ongeza nusu pampu palipo na madoa tu. Poda kwenye paji, pua na kidevu, mashavu yaache. Kila baada ya saa tatu au nne bonyeza tishu kwanza, ndipo uguse poda. Poda juu ya mafuta ambayo hayajafutwa huwa uji.

Zile chupa tatu usizitupe. Angalia alama ya kikopo kilicho wazi, yenye namba kama 12M: ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Zikiwa bado hai na hazina harufu ya mafuta yaliyoharibika, ya majivu, kama kosa halikuwa la poda, na ya machungwa zinaweza kusaidiana, kwa kuwa moja imekosa wekundu na nyingine imeuzidisha. Kwenye kisahani, si ndani ya chupa, changanya matone mawili ya majivu na moja la chungwa, kama hazijitengi. Chora taya, subiri saa yako moja, badilisha kipimo tone kwa tone. Ile ya bei kubwa iliyochambuka ndiyo ya paji la uso na pua, na Ujiji huenda ikafaa hata kidevuni. Ukifanya hivyo, kinachobaki kununua ni sponji mbili, poda ya rangi yako, na pengine chupa moja ya mashavu.